Chini ya Pipa la Mawe

Samweli ndiye aliyewafundisha wenzake sheria za kisima. Pipa lisijazwe likafurika. Winchi ya kuvutia pipa ishikwe na watu wawili, mmoja kila upande, na wasipige soga. Na aliye chini, pipa linapopanda, asisimame katikati akalikodolea macho. Aingie kwenye kijipango alichojichimbia ubavuni mwa shimo, ajikunje humo mpaka asikie mawe yamemwagwa juu. Alizisema sheria hizo mara nyingi kiasi kwamba Fabiano, mzee waliyekuwa wakifanya naye kazi, alikuwa akizimalizia kabla yeye hajafika mwisho.

Siku ile, kwenye kisima cha zahanati mpya nje kidogo ya Nduguti, hakuna iliyofuatwa.

Kijipango kilikuwapo, lakini hakikuwa mahali pake tena. Alikichimba walipokuwa bado kwenye udongo mwekundu unaokatika vizuri kwa sururu. Tangu hapo walikuwa wameshuka kwenye mwamba, na mwamba haukutaka masihara. Walikwenda nao kwa tindo na nyundo, kidogo kidogo, na kila walivyoshuka ndivyo kijipango kilivyobaki nyuma yao, hadi kikawa juu kabisa ya kichwa chake, mahali ambapo hata akirusha mkono hafiki. Kuchimba kingine kwenye jiwe lile kungemla siku nzima au zaidi. Na maji yalikuwa yameanza kuchuruzika tangu jana yake. Yalimfika vifundoni, baridi, na fundi wa visima akishayasikia maji miguuni hana akili nyingine. Alijiambia kijipango kitasubiri. Akajaza pipa mpaka mawe yakachomoza juu ya ukingo, akavuta kamba kuashiria, akarudi nyuma na kuegemea ukuta.

Pipa lilikuwa nusu ya pipa la mafuta, limetobolewa matundu na kutiwa mnyororo. Lilipanda likizunguka polepole, likigonga ukuta huku na huku, na kadiri lilivyopanda ndivyo lilivyolifunika lile duara la mwanga lililokuwa juu. Samweli aliushika mgongo wake kwa mikono miwili akaunyoosha. Aliwaza kwamba shemeji yake, Ignas, anavuta taratibu mno leo. Hakujua kwamba Ignas alikuwa peke yake. Gari lilikuwa limeleta vitanda vya zahanati, daktari akaomba mtu wa kusaidia kushusha, na Ignas akamwambia Fabiano, nenda tu, hili nitalimudu.

Kisha pipa likaanza kukua.

Lilikuja kwa kasi bila sauti, na alichofanya Samweli hakukipanga: alijibandika ukutani kama plasta. Halafu lilisimama ghafla, kamba ikalia mlio wa kukaza, na mawe yaliyokuwa yamepita ukingo yakaendelea na safari bila pipa. Moja lilimpiga begani. Jingine lilitua juu ya kofia yake ngumu kwa kishindo kilichomfunga masikio, akapiga magoti majini. Aliposhika kichwa alikuta kofia imepasuka kutoka mbele hadi nyuma, lakini fuvu lilikuwa zima.

Alisubiri. Pipa halikushuka, halikupanda. Lilining'inia juu yake, si mbali sana, likiyumba na kuzungukazunguka, na kila lilipogusa ukuta vijiwe vidogo vilidondoka majini, chubwi, chubwi.

"Ignas!" aliita.

Kimya.

"Fabiano! Kuna nini huko?"

Badala yake akasikia sauti ya mwanamke ikimwita huyo huyo Fabiano, kwa nguvu, mara moja na tena. Aliitambua. Ilikuwa sauti ya Luciana, mdogo wake, ambaye mchana alikuwa akiwaletea chakula. Halafu ile sauti nayo ikakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Kisima hakina pa kwenda. Ukishuka, njia yako ya kutokea ni ile kamba, na sasa ile kamba ilikuwa imebeba mawe. Samweli alizunguka chini ya shimo akitafuta mahali ambapo pipa likianguka halitamfikia, na mahali hapo hapakuwapo, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyelipima shimo liwe la upana wa kumtosha mtu na sururu yake, basi. Akijibana upande huu, pipa linaning'inia nusu juu yake. Akijibana upande ule, vivyo hivyo. Alitazama kijipango chake kule juu, kikavu, kitupu. Akajaribu kupanda. Aliingiza vidole vya mguu kwenye ufa mdogo wa mwamba, akajivuta, akapata kushika jiwe lililochomoza, na bega lile lililopigwa likakataa. Akateleza akarudi majini na goti likachunika.

Hakujaribu tena. Alisimama, kifua ukutani, uso umegeukia kando, mikono juu ya kofia iliyopasuka.

Hapo ndipo alipoanza kusikia maneno kutoka juu. Si maneno yenyewe, sauti tu. Sauti ya mwanamume, ya chini, ikisema jambo polepole. Halafu sauti ya Luciana, fupi. Halafu ya mwanamume tena. Walikuwa wanazungumza. Watu walikuwa wanazungumza huku yeye amesimama chini ya mzigo, na hakuna aliyekuwa anamjibu.

Basi moyo wake ukaenda mahali ambapo haukuwa umewahi kwenda.

Luciana alikuwa amerudi nyumbani kwao tangu mwezi uliopita, na kifurushi cha nguo kichwani. Hakuwa na jeraha. Samweli alimuuliza kama amepigwa, akasema hapana. Kumbe ni nini? Akasema Ignas akisafiri kwa kazi ya visima humfungia ndani. Humwachia unga, maji na kuni, hutia kufuli kwa nje, huondoka. Siku mbili, wakati mwingine zaidi. Anasema wanawake wakiachwa wazi hutembea. Samweli alikuwa ameudhika kidogo, lakini si sana. Alimwambia kufungiwa si kipigo, na kwamba wanaume wenye wivu huwa wanapoa wakizeeka. Luciana akamweleza habari ya moto. Mtu alichoma majani shambani, upepo ukageuka, moto ukaja mpaka kwenye ua wa nyumba yao, naye akiwa ndani akiona moshi unaingia chini ya mlango, akigonga, hakuna mtu. Upepo ukageuka tena, moto ukaondoka.

"Lakini haukufika," Samweli alimwambia siku ile.

Luciana alichukua ndoo, akaenda kuchota maji.

Na asubuhi hii hii, wakifunga kamba, Ignas alikuwa amemuuliza, "Shemeji, wewe ndiye kaka yake. Ukisema neno moja atarudi. Mbona husemi?" Samweli alimjibu hivi hivi tu, kichwa kikiwa kwenye kazi: "Ngoja wazee wakae."

Sasa, chini ya pipa, Samweli aliyarudia mazungumzo hayo yote. Aliwaza: ameliachia kwa makusudi. Kisha akawaza: hapana, angeliachia lingekuwa limeshanifikia. Kisha: basi amelishika ili anionyeshe. Kila alichowaza kilirudi kwake, kwa sababu mawazo nayo hayakuwa na pa kutokea. Jasho lilimtoka ilhali miguu imekufa ganzi kwa baridi ya maji. Alitaka kukojoa. Alitaka kupiga kelele tena, lakini aliogopa hata pumzi yake itatikisa kamba. Akakuta anasali sala fupi ya chakula, ile ya watoto, kwa sababu nyingine zote zilikuwa zimemtoka.

Hakujua ilichukua muda gani. Alijua tu kwamba baadaye zilisikika mbio za watu, sauti ya Fabiano, sauti nyingine asizozijua, chuma kikigongwa, mtu akiguna kama ng'ombe anayevutwa topeni. Pipa likatikisika. Samweli alifumba macho. Alipoyafumbua, lilikuwa linapanda.

Walimtoa kwa kamba ile ile, amekaa kwenye kitanzi. Jua lilimpofusha. Alipoanza kuona, alimwona Ignas ameketi chini ameegemea nguzo ya winchi, uso umekuwa wa rangi ya majivu, na mkono wake wa kulia umelala mapajani kwa namna ambayo mkono haulali. Pini ya nondo inayozuia winchi isirudi nyuma ilikuwa imeruka majanini. Fabiano alimweleza haraka haraka: ule mkono wa chuma wa kuzungushia winchi ulimponyoka, winchi ikazunguka kinyume, Ignas akatia mkono wake katikati ya chuma na nguzo, na pipa likasimama juu ya mfupa wake. Alikaa hivyo mpaka walipokuja.

Samweli alipiga magoti mbele yake. "Shemeji," alisema.

Walimpakia Ignas kwenye lile gari la vitanda. Luciana alikuwa amesimama kando, viganja amevifunika kwa kanga, wali umemwagika karibu na miguu yake. Samweli alimwona, lakini hakumtazama.

Habari ilitembea Nduguti nzima. Kanisani Ignas aliombewa kwa jina. Aliporudi kutoka hospitali ya Singida, mfupa ukiwa umeunganishwa lakini vidole vikiwa havikunjiki, watu walimiminika kwake na kuku na mchele. Samweli alikwenda mara nyingi kuliko wote. Alimkatia kuni, alimtengenezea zizi, na kila alipokuwa akiondoka alihisi kwamba hajafanya kitu. Usiku alilala na kuamka akiwa amejibandika ukutani, na mkewe, Dorika, akimshika begani akimwambia upo nyumbani, baba, upo nyumbani.

Mzee Benjamin, kaka mkubwa wa marehemu baba yao, alimwita.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Keti. Samweli, mtu amekupa mkono wake wa kulia. Wewe utampa nini?"

Samweli aliketi kwenye kigoda.

"Hakuombi ng'ombe. Anaomba mke wake. Tena nasikia mwenyewe ameshakubali, ameapa kwa Mungu palepale kisimani, Fabiano ni shahidi. Wiki ijayo tutakaa, tumalize. Kazungumze na mdogo wako asije kutuaibisha."

Samweli alirudi nyumbani akiwa amepata nafuu kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa mlango. Alimkuta Luciana nyuma ya nyumba akitwanga mlenda mkavu. Alikuwa anaushika mchi kwa ncha za vidole, na viganja vimefungwa vitambaa.

"Nimetoka kwa baba mkubwa," alisema.

"Najua alichokuitia."

"Anasema uliapa."

"Niliapa."

"Basi sina la kusema. Luciana, yule mtu ametoa mkono wake."

"Mkono wake alikupa wewe, kaka. Hakunipa mimi." Aliuegemeza mchi ukutani. "Na sijasema hakutoa. Nilikuwapo. Nilifika na chakula, akageuka kunitazama, chuma kikamponyoka. Kabla sijaelewa ameshatia mkono. Mtu mwingine angekimbia. Hilo nitalisema mbele ya yeyote."

"Sasa?"

"Nikatupa sufuria nikashika chuma cha upande wa pili. Nikamwita Fabiano. Akaniambia nyamaza, ukipiga kelele utalegea. Nikanyamaza. Nikakusikia unaita huko chini, nikashindwa kukujibu, maana pumzi yote ilikuwa mikononi." Alivitazama vitambaa vyake. "Halafu akaniambia, sema utarudi nyumbani."

Luciana alikikaza kimoja kilicholegea.

"Nikamwambia huu si wakati. Akasema ndio wakati wenyewe. Akasema mkono unamuuma, hajui ataweza mpaka lini, na hajui anamshikia nani. Sema utarudi. Nikasema nitarudi. Akasema apa. Nikaapa. Fabiano alinikuta naapa."

Kuku walikuwa wanachakura kwenye pumba. Samweli alijikuta anatafuta pa kukaa, akakaa juu ya kinu kingine kilichopinduliwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia habari ya moto," Luciana alisema.

Samweli alikwenda kwa Fabiano jioni ile ile. Mzee alikuwa ananoa jembe. Alishangaa kuulizwa. Ndiyo, alimsikia Luciana akiapa, tena kwa sauti ya kulia, akafurahi, akadhani hatari imewapatanisha. Ndiyo maana alimwambia kila aliyekutana naye. "Lakini kwani hukuviona viganja vyake?" aliuliza. "Nilimbandua kwenye kile chuma kidole kimoja kimoja. Ngozi ilibaki pale. Mfupa wa Ignas peke yake usingelizuia lile pipa, Samweli. Ungeshavunjika kabisa na pipa likaja kwako. Yule binti alilishika nusu."

"Hukulisema hilo kwa watu."

Fabiano alilitazama jembe lake. "Hakuna aliyeniuliza," alisema.

Kikao kilikaa uani kwa mzee Benjamin. Walikuja wazee wa upande wa Ignas, wakiwa wamevaa makoti, na Ignas mwenyewe, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa cheupe. Kila mtu alimpisha akae kivulini. Ndani, wanawake walikuwa wanapika. Harufu ya kuku ilikuwa imeshatoka, maana kikao kilikuwa cha kumalizia, si cha kubishana. Mzee Benjamin alisali, akasimulia upya habari ya kisima kwa ufundi wake, watu wakaguna kwa huruma palipofaa. Kisha akamgeukia Luciana aliyekaa mkekani.

"Binti yangu, uliapa au hukuapa?"

"Niliapa, baba mkubwa."

"Mungu hachezewi. Basi."

"Baba mkubwa," Samweli alisema, "naomba nizungumze."

"Zungumza, ingawa sioni kilichobaki."

Samweli alisimama. Miguu yake ilikuwa na ile baridi ya kisimani. Alimgeukia Ignas. "Shemeji, kabla hajaapa, ulimwambia nini?"

Ignas aliutazama mkono wake. "Yalikuwa mambo ya mume na mke."

"Ulimwambia aseme atarudi, la sivyo hujui unamshikia nani."

Mzee mmoja wa upande wa pili alikohoa. Ignas alisema taratibu, "Nilikuwa na maumivu. Mtu mwenye maumivu husema."

"Na hata kama alisema," mzee Benjamin akaingilia, "aliachia? Hakuachia. Pipa halikufika chini. Tusihukumu jambo ambalo halikutokea."

Samweli alihisi uso umemwaka moto. Aliyajua maneno yale. Yalikuwa yametoka kinywani mwake mwenyewe, uani kwake, yakamfika mtu aliyeona moshi ukipita chini ya mlango.

"Halikufika," alisema. "Lakini mimi nilikuwa chini yake. Nyinyi nyote mlikuwa juu. Sijui niseme nini ili mwelewe. Pipa likikuning'inia, unakubali chochote. Ningeambiwa niitoe nyumba yangu ningeitoa, niwatoe watoto wangu sijui ningefanyaje. Na mdogo wangu aliambiwa ajitoe yeye, akajitoa, kwa ajili ya kichwa changu. Kiapo kile ni changu. Alikiapa kwa ajili yangu, nami namwondolea. Shemeji ananidai mimi. Nitamlimia mpaka mkono wake utakapoweza, na usipoweza nitamlimia mpaka wangu uchoke. Lakini Luciana harudi kwenye nyumba inayofungwa kwa nje."

"Unavunja kiapo cha mtu mwingine?" mzee Benjamin aliuliza, sauti imeshuka.

"Ndiyo, baba mkubwa."

Hakukuwa na ugomvi. Ingekuwa afadhali. Wazee wa upande wa Ignas walisimama mmoja mmoja, wakapangusa makoti yao, wakaondoka bila kugusa chakula. Ignas alikwenda wa mwisho. Mzee Benjamin aliingia ndani na hakutoka tena. Tangu siku ile, kwa muda mrefu, Samweli alikuwa akimpa shikamoo njiani, na mzee anapita kama aliyesikia upepo.

Kisima kilibaki hakijakwisha. Daktari alituma watu mara kadhaa kuuliza, na kila mara Samweli alisema anakuja, halafu haendi. Mwishowe alikwenda. Alipata vijana wawili wenye nguvu wa kukaa winchini pamoja na Fabiano. Kabla ya kushuka alitengeneza pini mbili za nondo nene, akazifunga kwa mnyororo zisiruke. Alifunika mdomo wa kisima kwa mbao, akaacha uwazi wa kupitisha pipa tu, ili kokoto za kandokando zisidondoke. Kisha akashuka, na siku zote za mwanzo hakuongeza kina hata kidogo. Alikaa kwenye mwamba na tindo akichimba kijipango. Daktari alipochungulia na kuuliza mbona mawe hayatoki, Fabiano alimwomba asogee nyuma na asizungumze na watu wa winchi. Kilipokamilika, Samweli aliingia humo akajikunja, akaita pipa lipande tupu na kushuka, lipande na kushuka, mpaka akaweza kulisikia likipita bila kufumba macho. Mengine ya kazi ile yalikwenda kama kazi nyingine. Maji yalipatikana, matamu, na wagonjwa wanayanywa.

Mvua za kwanza zilipoloweka ardhi alikwenda na ng'ombe wake shambani kwa Ignas. Hakuaga mtu. Alifunga plau, akaanza upande wa chini, akilima kwa kwenda na kurudi. Ignas alitoka nyumbani, akasimama kwenye mpaka wa shamba akiwa amejifunika koti, akatazama. Samweli alimsalimu kwa mbali. Hakuitikiwa. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na keshokutwa.

Siku shamba lilipokuwa linaelekea kwisha, Ignas alikuja mpaka kwenye matuta. Alikuwa amekonda. Alitembea kando ya ng'ombe kimyakimya mpaka walipofika mwisho wa mfuo, Samweli akawasimamisha wapumue.

"Nilikuwa naogopa," Ignas alisema. "Nilimwona anakuja na sufuria, nikajua akishaiweka chini atageuka aende zake. Kisha ikatokea ile, nikamwona amesimama karibu nami kuliko alivyowahi kwa mwaka mzima."

Samweli alishikilia mpini wa plau.

"Ningeendelea kushika," Ignas alisema. "Hata angekataa. Nataka ulijue hilo. Ningeshika tu."

Samweli alimtazama usoni. Alitaka sana kuamini, na alikuwa tayari kukubali hata nusu yake. Lakini aliona jinsi Ignas alivyokuwa akimwangalia, akingoja jibu kama mtu anayengoja kuambiwa habari zake mwenyewe, akaelewa kwamba hata yeye Ignas hajui.

"Umekula?" alimuuliza.

"Bado."

"Dorika amenifungia viazi. Vipo pale kwenye kivuli. Kula, mimi nimalizie kabla mvua haijarudi."

Aliwageuza ng'ombe. Ignas alibaki amesimama kitambo, kisha akaelekea kivulini, akakaa, akaanza kufungua kitambaa cha chakula kwa mkono mmoja na meno.